Maji ya Mwadingusha na Zero Yangu ya Tatu

Ilianza siku ya posho, saa tano na dakika arobaini asubuhi, profesa wetu wa jiografia alipofunga daftari lake la pointi na kunitazama. Jumamosi sisi tunaiita siku ya posho kwa sababu zamani kampuni ya shaba iligawa chakula siku hiyo. Mwaka ule chakula kilikuwa kimekwisha, jina likabaki peke yake.

“Mademoiselle, siku ya kwanza ni weye,” alisema, yaani Jumatatu. “Exposé. Mahali moja ya huku kwetu, uliona na macho yako. Hapana kitabu.”

Darasa zima lilijua maana yake. Mwaka ule nilikwisha kusimama mbele yao kutoa exposé, kusimulia kwa mdomo, mara mbili, na mara zote mbili nilitazama viatu vyangu mpaka profesa akaniambia nikae. Zero, na zero tena. Ya tatu ingenifanya nirudie mwaka, nikae benchi moja na mdogo wangu. Kudanganya nako hakukufaa. Juma lililotangulia mwenzetu mmoja alisimulia maporomoko ya nchi ya mbali, urefu wake, upana wake, vizuri kabisa. Profesa akamwacha amalize, kisha akamuuliza, “Na kule ulikula nini?” Akafikiri sana. “Sikuwa na njala, Prof.” Mpaka leo anaitwa Hana-Njala.

Shida yangu ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na sita na sijaona kitu. Shituru, kwenye nyumba za kampuni, shule, kanisa, soko la Kikula. Basi.

Mambo magumu mimi humwambia baba kwa karatasi. Naikunja, naiweka chini ya sahani yake. Mchana ule aliisoma mara mbili. Baba ni fundi wa umeme kiwandani, ingawa siku hizo nusu ya mitambo ilikuwa kimya, na yeye alikuwa akikaa nyumbani akitengeneza redio za majirani ambazo hazikuwa zimeharibika sana.

“Mama,” aliniita. Ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. “Miaka makumi mbili natengeneza waya za moto inatoka Mwadingusha. Ile Mwadingusha yenyewe sijaiona. Twende tuione.”

Shangazi, dada yake mdogo, anauza samaki Kikula na huwafuata kulekule, kwenye ziwa lililo juu ya bwawa la umeme la Mwadingusha. Lori la wachuuzi wa samaki lilikuwa linaondoka kesho yake, siku ya Mungu.

“Na misa?” mama aliuliza.

“Wifi,” shangazi akamjibu, “yale maji Mungu alitengeneza yeye mwenyewe. Tunaenda kumusalimia kwa kazi yake.”

Tuliondoka alfajiri, tumekaa juu ya vikapu vitupu vyenye harufu ya safari zote zilizopita. Baba alikuwa amevaa shati la kazi, lile la kampuni, limepigwa pasi. Njia nzima aliangalia nguzo za umeme badala ya milima, akizihesabu kwa midomo. Mimi nilikuwa na daftari, na ahadi moja niliyojipa: nitauliza kila kitu. Tulipofika sikuuliza kitu.

Ziwa lilitokea ghafla, na ndani yake mlikuwa na miti. Mikavu, bila jani, imesimama ndani ya maji mpaka mbali, na ndege weupe juu yake. Nilimnong’oneza shangazi. Akageuka, akapiga kelele kwa mlinzi wa bwawa, mtu mmoja mnene aliyevaa koti la mvua katika jua kali:

“Papa! Mutoto anauliza nani alipanda miti mu maji!”

Nilitamani lori linifunike. Lakini mlinzi alikuja akacheka vizuri tu.

“Hakuna muntu alipanda. Miti ilikuwa ya kwanza, maji ndiyo ilikuya kuikuta.” Akaonyesha mtumbwi uliosimama katikati ya ziwa. “Nkambo yangu, baba ya baba, alizaliwa pale. Pale palikuwa mashamba ya mahindi. Wazungu wakafunga mto Lufira, wakaambia bantu: muhame. Bengine wakasema, tungoje kwanza tuone kama ni kweli. Wakaona.”

Niliandika: *chini ya mtumbwi, mashamba*. Nilitaka kujua kama milango ya nyumba ingali wazi huko chini. Sikuuliza.

“Minye ni fundi wa courant, wa Shituru,” baba alijitambulisha, akivuta shati lake.

“Aah! Basi ni weye unakulaka moto yetu,” mlinzi akasema. Akatuonyesha njia ya kushuka chini ya bwawa, kwenye maporomoko. “Mushuke. Lakini musikilize sirene.”

“Sirene?” Baba alicheka kidogo. “Papa, sisi ni batoto ya sirene.”

Tukashuka. Kusema kweli, nilivunjika moyo. Maji mengi yalikuwa yanapita ndani ya mabomba makubwa kwenda kwenye mitambo, na mwamba wenyewe ulikuwa na nyuzi chache tu za maji, kama mtu aliyesahau kufunga bomba. Hiyo ndiyo exposé yangu? Nilihesabu maneno ya kuisema, hayakufika kumi. Shangazi akafungua sufuria juu ya jiwe pana, katikati ya mto mkavu: bukari, ugali wetu, iliyopoa, na sombe ya majani ya muhogo.

King’ora kikalia.

Inabidi nieleze, maana mtu asiyekulia Shituru atatuona wajinga. Kwetu king’ora cha kiwanda, sirene, ndicho saa. Kinalia, zamu inatoka, sahani zinawekwa. Hata kazi ilipopungua kiliendelea kulia, na baba aliendelea kunawa mikono.

Basi akanawa mikono katika kidimbwi. “Saa sita,” alisema. “Tukule.”

Nami nikakata tonge.

“Yaya,” shangazi alimwambia kaka yake, “huyu mulinzi huko juu anatuita nini?”

“Keti. Ni ya kula.”

“Minye sikukomalia mu nyumba ya kampuni. Minye nikisikia kelele nakimbia!” Na kweli akakimbia, amekamata kitenge kwa mikono miwili.

Mimi nilibaki, kwa sababu baba alibaki. Kisha nikaona kidimbwi alichonawia kinageuka rangi. Mfuniko wa sufuria ukainuka wenyewe, ukazunguka mara moja, ukaondoka. Baba aliinuka. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanipandisha mawe yale kama gunia. Tulipogeuka, jiwe letu halikuwepo. Sufuria nayo.

“Ba kampuni!” Mlinzi alitukimbilia, koti lake la mvua likipepea. “Sirene inasema maji inafunguliwa, toka! Bantu ya kijiji banatoka. Bavuvi banatoka. Hata mbuzi inatoka! Ni ba kampuni tu banakaaka chini na kutafuta sahani!”

Shangazi alikaa chini kwa kucheka. Baba alitazama shati lake.

Na mimi nilitazama maporomoko. Mwamba ulikuwa umepotea. Maji yalishuka mazima, meupe, na moshi wake ukapanda mpaka tulipokuwa, ukanilowesha uso. Nikajisikia nauliza, kwa sauti: “Kwa nini munafungua leo?”

“Mashine moja inapumuzika siku ya Mungu. Maji inarudia njia yake ya zamani.”

“Na mbele ya kujenga bwawa ilikuwa hivi kila siku? Samaki wanapita wapi? Milango ya nyumba za ba nkambo, walienda nayo?”

“Walienda nayo,” alisema, akinitazama vizuri. “Walibeba milango mu kichwa. Huyu mutoto wenu anauliza sana.”

“Huyu?” baba alisema. “Huyu hasemaka.”

Katika lori la kurudi, juu ya samaki, baba alininong’oneza: “Mama, ile ya sirene, tuiache huko.”

Nilifungua daftari, nikalifunga. Halafu, bila karatasi, nilimwambia kwamba sina kingine. Miti na bwawa viko katika kitabu cha profesa. Kitu nilichoona mimi kwa macho yangu ni kile tu.

Alitazama nguzo kama tano zikipita.

“Sema,” alisema mwishowe. “Lakini useme ni muntu mumoja tu, hapana jina.”

Asubuhi yake profesa aliniita saa mbili. Nilikwenda mpaka ubaoni. Viatu vyangu vilikuwa na udongo wa Mwadingusha, nilivitazama kidogo, halafu nikainua uso na kuuliza darasa:

“Sirene ikilia saa sita, kwenu munafanya nini?”

Mtu wa nyuma akajibu: “Tunakula!”

“Na chakula kama haiko?”

“Tunakaa tu mu meza!” Wakacheka wote, hata wale ambao najua kwao chakula hakipo.

“Basi jana kulikuwa muntu mumoja wa kampuni, katikati ya Lufira, ananawa mikono...”

“Ni papa yako uyo!” Hana-Njala akapiga kelele.

“Ni papa yangu,” nilisema. “Na minye nilikuwa kando yake, na tonge mkononi.”

Nikachukua chaki nikaanza kuchora mto.