Vizibao vya Sufi

Nilipoolewa Malaba, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, mume wangu alikuwa akiziba pancha kando ya foleni ya malori ya mpakani. Nikaweka cherehani yangu kwenye kibaraza chake, nikawa nashona maturubai yaliyochanika. Mama mkwe naye alikuja kutoka Bukhayo siku za soko na magunia ya sufi, ile pamba nyepesi ya msufi, akijaza mito na magodoro hapo hapo. Hatukuwa tukizungumza sana, mimi na yeye. Aliona nacheka ovyo. Mimi niliona hacheki kabisa.

Siku moja alifika mwalimu wa michezo kutoka shule moja karibu na ziwa. Wanafunzi wake walikuwa wameanza mazoezi ya mashindano ya kupiga makasia, na mkuu wa shule alikuwa amesema hakuna atakayepanda mtumbwi bila kitu cha kumzuia asizame. Mwalimu alitaka tyubu kuukuu.

"Tyubu ni ya kuogelea tu, mwalimu," mume wangu alimwambia. "Mtu akipiga kasia nayo itamzuia mikono."

Mama mkwe alikuwa akifunga mdomo wa mto. Hakuinua macho. "Sufi haipendi maji. Gunia langu liliwahi kuanguka mtoni, nikalifuata likielea kama bata."

Tukatazamana, kisha mwalimu akauliza kama tunaweza kushona kizibao. Nikajibu ndiyo kabla sijajua nitaanzia wapi.

Nilikata mabaki ya turubai, mama mkwe akajaza sufi, mume wangu akakata mikanda kutoka kwenye mpira wa tyubu. Kizibao cha kwanza tulikijaza mno. Mume wangu alipokivaa alishindwa kuinama, mikono imemsimama kando kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Turn-boy mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, akamwuliza kama analinda mtama. Hapo ndipo nikamsikia mama mkwe akicheka, kicheko chembamba kama cha msichana, mpaka akashika mguu wa cherehani yangu asianguke. Tangu siku hiyo alianza kukaa upande wangu wa kibaraza.

Tulipunguza sufi, tukaigawanya katika vifuko vidogo ili mwili upate kujikunja. Vizibao vilipowatosha wapiga makasia wa mtumbwi mmoja, tukapanda gari la mizigo sote watatu, tukashuka mpaka ziwani.

Wanafunzi walivitazama, wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa adabu, "Mama, hii si godoro?" Wenzake wakaangua kicheko. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvaa. Mwalimu alinitazama, nami nikatazama maji. Sikujua kuogelea.

Mama mkwe akavua viatu.

"Mama, unaenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Nguo ambayo aliyeitengeneza anaiogopa, nani ataivaa? Nifunge hapa nyuma, mwanangu."

Akanigeuzia mimi mgongo, nikamfunga mikanda juu ya gauni lake. Alikuwa mwanamke mnene, mtu wa mashambani, na maji ya ziwa yalikuwa hayajawahi kumpita magoti. Akaingia polepole, yakafika kiunoni, kifuani, kisha akajilaza chali kama anayelala kitandani kwake. Gauni likafura pembeni. Akaelea.

Mume wangu alikuwa tayari ameingia majini na suruali yake.

"Mama, toka sasa. Tumeona."

"Niache kidogo," alisema, macho yakitazama mawingu. "Mgongo wangu haujawahi kupumzika hivi."

Wanafunzi wakanyang'anyana vizibao vilivyobaki.

Siku ya mashindano ufuo ulijaa: wavuvi, wauza samaki, masista wawili kutoka hospitali ya misheni. Mtumbwi wa shule yetu, maana tayari tuliuita wetu, uliongoza hadi kwenye boya la kugeuzia. Hapo walikata kona kwa pupa, ukapinduka. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, vichwa vyote vilikuwa juu ya maji, vimetapakaa kama maboga shambani, na vilikuwa vikibishana ni nani aliyekosea kona. Waliogelea wakiusukuma mtumbwi mpaka mwisho, wakawa wa nyuma kabisa, na ndio walioshangiliwa kuliko washindi.

Kabla hatujaondoka, wavuvi walituzunguka wakitaka vya kwao. Kibaraza hakikututosha tena. Tukakodi chumba nyuma ya gesti moja ya madereva, tukaanza kutengeneza na makasia ya kuuza, na mume wangu akamwachia mwenzake kazi ya pancha. Mama mkwe alihamia Malaba. Kila tuliposhona mtindo mpya alidai aujaribu mwenyewe, na mimi nikalazimika kuingia naye majini. Ndivyo nilivyojifunza kuogelea, nikiwa nimeshikwa kiganja na mwanamke niliyekuwa nikimwogopa, yeye akinikaripia kwamba napiga maji kama ninayefua blanketi.