Mogesi Azuia Ubatizo wa Bintiye

Nyakunguru nzima hapakuwa na mwombaji kama Mogesi, mzee wa kanisa na mchimbaji mdogo wa dhahabu. Akishukuru kwa mito na miti, hata ng'ombe wa kata jirani ya Kemambo nusura waitikie amina. Jumatatu ikifika, mwombaji huyo huyo alisafisha dhahabu kwa zebaki katika shimo lake na kumwaga maji yake kijitoni, bila wasiwasi wowote.

Siku ya ubatizo, bwawa la kawaida lilikuwa limekauka. Mchungaji akawapeleka waumini kijitoni, chini kidogo tu ya mahali Mogesi anapooshea dhahabu. Binti yake Boke akaingia wa kwanza, maji yakamfika magotini.

Mogesi akaacha kuimba, akapaza sauti. "Toka, Boke! Maji yana sumu!"

"Sumu ya nani, baba?"

"Yangu."

Boke akarukia ukingoni. Mama mmoja akashika kichwa. "Mayoo! Na sisi tunayachota kila siku, mzee wa kanisa!"

Mogesi akavua koti lake la Jumapili, akapiga magoti, akaanza kumfuta Boke miguu. Mchungaji akamwambia aombe. Bingwa wa maombi akatafuta maneno, akapata haya tu:

"Nisamehe, mwanangu. Leo hii ninafukia lile shimo la zebaki."