Parachichi la Umbo la Yai

Harufu ya maparachichi yaliyoiva kupita kiasi hunichosha. Jioni nikitoka kufundisha hapa Makambako, na madaftari ya kusahihisha mkononi, hupita kando ya soko palipomwagwa yaliyooza, na ile harufu nzito ya mafuta hunirudisha nyumbani, kijijini Yakobi, hata nisipotaka. Siku nyingine hupita njia ndefu ili nisikutane nayo. Leo nimechoka mno hata kuzunguka, basi niwaambieni.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Baba alikuwa amepanda miparachichi kwenye shamba la mahindi, na baba zangu wakubwa walimcheka miaka yote ile, wakimwuliza kama watoto wake watakula majani. Mwaka huo miti ilizaa kwa mara ya kwanza. Mnunuzi alipita, akaacha karatasi ya Kiingereza yenye maneno manne ya maumbo: mawili ya matunda anayoyataka, mawili ya asiyoyataka. Alisema angerudi Jumapili mchana na lori, akute yamechumwa na kutengwa.

Baba alisoma Kiswahili vizuri, Kiingereza hapana. Nilirithi jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama. Alinipa ile karatasi kwa mikono miwili, kama anayempa mchungaji sadaka. “Mama, tusomee.”

Kamusi yangu ndogo haikuwa na hata neno moja kati ya yale. Ijumaa nikaomba kamusi kubwa ya ofisi ya walimu. “Pyriform” nikalikuta: umbo la tunda la peasi, lenye shingo. “Spheroid”: la mviringo. “Clavate”: la rungu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota hela njiani. Nilipokuwa natafuta “obovate”, mwalimu akachukua funguo zake, akasema tufunge, kesho si siku ya shule. Ukutani mwa darasa letu paliandikwa kuwa kuuliza si ujinga. Niliyasoma maneno yale kila asubuhi, na siku ile nikampita mwalimu mlangoni bila kumwuliza.

Jumamosi kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata vidole. Tulichuma tangu alfajiri, tukayarundika uani. Baba akasimama mbele yangu akingoja, na mama naye, na sikuweza kusema kwamba moja limenishinda. Nikasema “obovate” ni jembamba lililonyooka kama kidole. Nilisema bila kupepesa macho.

“Na haya ya mfano wa yai?” mama akauliza. “Mbona ndiyo mengi?”

“Hayamo kwenye karatasi,” nikasema.

Mama akaguna. “Baba watoto, tungemngoja mwenyewe aje ayaone.”

“Mtoto kasoma,” Baba akajibu.

Tuliyamwaga yale ya umbo la yai chini ya mteremko, yasichanganyike na ya mnunuzi. Majirani walibeba kwa ndoo, na nguruwe wetu wakala walivyoweza. Usiku mvua ikanyesha juu ya yaliyobaki.

Mnunuzi alipofika alitazama makreti machache, kisha akatazama miti. “Mzee, ya umbo la yai, yenye tumbo huku chini, yako wapi? Nimeyaandika hapa, ndiyo nayataka kuliko yote.” Tukamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema lililogusa udongo hachukui.

Nilikuwa nimesimama pale. Baba hakunitazama. “Nimeyatenga vibaya mimi,” alisema. “Uzee huu.” Hakuwa hata na mvi.

Baba wakubwa walilicheka jambo lile misimu miwili, wakimwita mzee asiyejua yai. Nami nilikula ugali mezani kwake na kunyamaza. Nilijiambia ananiokoa nisigombezwe na mama. Nilidhani pia kwamba nikikiri, hataniita kusoma kitu tena, na kile ndicho kilichokuwa cheo changu pekee nyumbani. Nikawa mwalimu wa Kiingereza kwa woga ule, nikijifunza maneno usiku na mchana nisije nikakwama mbele ya mtu.

Mwaka jana nilimpeleka Baba hospitali. Alipotoka kwenye kipimo alinipa karatasi, kwa mikono miwili vilevile. “Mama, tusomee.” Mstari wa tatu ulieleza umbo la kitu walichokiona kifuani mwake, kwa neno ambalo sikuwahi kukutana nalo. Midomo yangu ilikwisha kufunguka kusema chochote. Kisha nikasema, “Baba, hili silijui.”

Aliikunja karatasi taratibu. “Basi twende tukamwulize daktari.”

Hakushangaa hata kidogo. Ndipo nikaelewa kwamba hata siku ile uani, mbele ya maparachichi yake, angenijibu hivyohivyo.