Waya wa Taa za Breki

Uthmani, fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, hakuwa mtu wa kushtuka. Vita vilikuwa vimemfundisha kuinama risasi zikilia, kisha kuinuka akiwa bado ameshika spana. Hasira zake zote alizimalizia kwenye nyaya: alizitukana, halafu akaomba toba.

Madereva waliopita Kanyosha jioni, taa zote zimezimwa, walimwomba akate waya wa taa za breki, maana ukikanyaga breki gizani unamwonyesha mwenye bunduki aliye mlimani pa kulenga. Alikata, akafunga ncha kwa mpira wa baiskeli, akasema bismillahi. Hakuna aliyerudi kulalamika.

Jioni moja aliitwa Kibenga kwa Nasser, muuza vitambaa. Houda, mke wa Nasser, alikuwa amelala kiti cha nyuma cha gari, uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya. Mkunga alikuwa amesema hospitali, basi. Injini inanguruma, lakini gari lilikuwa la oto, la gia za kujibadili zenyewe, na gia imekwama kwenye P, ya kuegesha. Nasser alikuwa ameivuta mpaka kiganja kimechubuka.

Uthmani akamwambia akanyage breki, akazunguka nyuma. Taa hazikuwaka. Gari lile lilikuwa haliachii gia mpaka lipate habari kwamba breki imekanyagwa, na habari hiyo ilipita kwenye waya uleule wa taa. Akatazama fyuzi: nzima. Akajipenyeza chini ya usukani na taa yake ya kupimia: umeme unaingia kwenye swichi ya breki, na breki ikikanyagwa, unatoka. Akaufuata waya kwa vidole, akagusa mpira wa baiskeli.

Ufundi ule ulikuwa wake, na gari lile hakuwahi kuligusa. Akauliza nani amekata.

"Ni mi," akasema Bi Jokha, mama yake Nasser. "Nilikuona unakatia jirani yetu Idi waya ya gari yake. Baba yake Nasser walimupigia risasi kwa ile barabara ya Kanyosha juu ya taa, walimuona akikanyaga breki. Sikutaka na mutoto wangu wamuone."

Nasser alimtazama mama yake kana kwamba hamjui. Uthmani alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea. Akaunga waya, gia ikaachia, na nyuma kukawaka kwekundu. Bi Jokha akafumba macho.

"Waya tunauacha, Mama. Tunatoa ampule," akasema Uthmani. Akazichomoa balbu za nyuma, akampa mkononi. Gari likaondoka, halionekani.

Amri ya kutotoka nje ilimkuta palepale. Alikaa na Bi Jokha kizingitini, mama kazishika zile balbu.

Alfajiri Nasser akarudi. Mtoto hai, mama hai. Daktari amesema wangechelewa kidogo tu wangewapoteza wote wawili. Uthmani akasema alhamdulillahi, akachukua balbu azirudishe. Mikono ikamtetemeka, hazikuingia, ikabidi Nasser amsaidie.