Waya Uliolegea

Fundi wa redio, kila alipopanda kutoka Karatu kuja zahanati ya milimani, alinawa kwanza mikono, akaikaushia kwenye suruali, ndipo akafungua kasha. Redio ya mawasiliano ya pale aliiunda mwenyewe kwa vipande vya redio tatu mbovu, nayo ilikuwa na tabia ya kukatika ghafla katikati ya mazungumzo, kisha kurudi yenyewe. Muuguzi Marsela alikwisha kuuzoea utaratibu wake: hubadilisha kifaa kimoja tu, hungoja saa nzima, hubadilisha kingine. “Tusiharakishe, sista,” husema kwa sauti ya chini. “Tukibadilisha viwili hatutajua mkorofi ni yupi.”

Safari hii Marsela hakumkaribisha chai. Alimweleza kwamba Jumanne alikuwa akiita gari limchukue Naishorua, aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, redio ikakatika kabla hajasikika. Iliporudi, Naishorua alikuwa amekwisha kufa.

Fundi alifungua kasha. Aligusa kila kiungo taratibu kwa ncha ya bisibisi, mpaka redio ikanyamaza. Akagusa tena, ikazungumza.

“Kifaa gani?” Marsela aliuliza.

Fundi angeweza kutaja chochote, naye Marsela angeamini.

“Si kifaa. Ni waya. Lehemu haikushika, na niliyeulehemu ni mimi.”

Aliuunga upya.

“Boma la mume wa Naishorua liko wapi?”

“Kule ng’ambo ya korongo. Utamwambia nini, fundi?”

“Hilihili nililokwambia wewe.”

Akatoka, akashika njia ya korongoni.