Tulingojea Mvua Ndio Tutoe Franga

Mimi na mwenzangu tuliuzishaka sambaza, samaki ndogo ya ziwa, miaka mingi, beseni ku kichwa, tunapandisha mulima ya Cimpunda kila asubui. Yeye ndiye alianza kuchoka. Alikuwaka anasimama fasi moja, ku mulango ya kinyozi, analia: "Aïe, magoti yangu! Mungu, unipe ingine!" Mimi namuiga, batu banacheka, yeye ananitupia sambaza moja ku kichwa.

Siku moja bamama ya likelemba yetu, kikundi ya kuchanga franga kwa zamu, tuko kumi na mbili, tukasema: franga ya mwaka huu tusigawe, tuiunganishe, tununue nyumba ya butike sita ku barabara. Kila mama atakuwa na sehemu yake, na loyer, franga ya kupangisha, tutagawana. Mwenzangu akaweka mukono ku kifua. "Yaya, nikianza kukula loyer, naacha huu mulima."

Komisioneri, ule anatafutiaka batu nyumba ya kununua, akatuonesha moja, jua kali ya mwisho ya kiangazi, karavati inamukaba. "Bamama, c'est du solide, ni nyumba ya nguvu! Franga itaingia hata mukilala!"

Nikamuuliza: "Na mvua, papa?"

"Mvua gani, maman?"

"Ile itashuka ku mulima, nyuma ya ukuta. Tutalipa tukishaiona."

Huku kwetu mvua ikipiga, udongo unateremuka, nyumba zinatembeaka. Bamama bakakubali kungojea, lakini mwenzangu akakasirika. "Wewe uko na magoti ya mbuzi, ndio maana unangojea!" Siku tisa hakunisemesha. Tulipandisha kila mutu ngambo yake ya barabara. Nikamuiga, hakucheka. Nikaogopa: kama bengine banainunua mbele yetu, ni mimi nitakuwa nimemumaliza magoti.

Siku ya kumi mvua ikapiga. Nikamushika mukono, tukakimbia, yeye na magoti yake! Tukaingia mu ile nyumba, tukapapasa ukuta ya nyuma toka pembe mupaka pembe. Kavu. Maji ilikuwa inapita mu mufereji, na komisioneri alikuwa inje ananyeshewa. Mwenzangu akaniangalia, akachukua sauti yangu, tena ananipita kwa kuiga: "Na mvua, papa? Mvua iko wapi?" Nilicheka mupaka nikalia. Bamama bote tukaweka kidole ku karatasi ya kununua.

Loyer ya kwanza ilitoka, na yeye akaacha beseni. Saa hii anakaa kwake, anachagua maharagi, miguu ku kiti.

Mimi napandisha bado. Nikifika kwa kinyozi nasimama, nachukua sauti yake: "Aïe, magoti yangu!" Kinyozi anacheka. Kisha nangojea sambaza inipige. Haikuji. Basi naendelea.