Mabegi ya Zipu za Suruali

Jua halijakolea, na Mama Begi tayari amemaliza rundo la kwanza la suruali. Hazishoni, anazifumua. Wembe unapita, nyuzi zinakatika, zipu inatoka nzima, kisha suruali inatupwa kwenye ndoo ya matambara.

"Usinitazame hivyo," anamwambia mwandishi huku akicheka. "Wenyewe walishazitupa. Mimi sijamvua mtu!"

Mama Begi hushona mabegi ya shule katika chumba chenye cherehani mbili. Ya pili anaikalia wifi yake, dada wa mumewe. Wawili hawa hutaniana kutwa nzima. Ukiona wamenyamaza, ujue kuna jambo.

Mwezi uliopita walinyamaza.

Zipu ndefu za mabegi hutoka ng'ambo. Njia fupi ya baharini ilipokuwa ya hatari, meli zikaanza kuzunguka mbali. Dukani bei ya zipu ikapanda maradufu, kisha zipu zenyewe zikaisha kabisa. Kila alipoulizwa, muuza zipu alijibu lile lile: "Mzigo uko njiani, mama."

"Njia gani hiyo isiyofika?" anauliza Mama Begi. "Hata konokono angekuwa ameshafika, amenawa mikono, anakula."

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa ameagiza mabegi themanini. Yasipokuwa tayari siku ya kufungua shule, angenunua ya dukani, na cherehani ya pili ingekosa kazi.

"Maana yake wifi yangu arudi nyumbani akakae," anasema, sauti ikishuka. "Niliumia sana. Halafu mimi atanichokoza nani?"

Wazo lililetwa na wifi huyo huyo. Aliona kwa muuza mitumba suruali zilizochanika magoti, hazinunuliki. "Nikamwambia, wifi, goti limekufa lakini zipu nzima!" anasema wifi kutoka kwenye cherehani yake.

Shida ni kwamba zipu ya suruali ni fupi, begi moja linataka mbili. Wakaziunganisha, wakashona mabegi kumi, wakapongezana. Ndipo wifi akajaribu kuingiza daftari.

"Wapi!" anasema wifi, akipiga paja. "Tulikuwa tumeziunganisha kitako kwa kitako, vichwa vikabaki pembeni. Begi linafunguka kushoto, linafunguka kulia, katikati limegoma. Zipu zimepeana mgongo kama wake wenza walionuniana."

"Na aliyeunganisha ni nani?" anadakia Mama Begi.

"Aliyeshika mkasi ni nani?"

Yote kumi yakafumuliwa. Safari hii vichwa vya zipu vikawekwa vikitazamana. Ukivivuta, kila kimoja kinakwenda upande wake na begi linafunguka kuanzia katikati.

Mwalimu mkuu alilipokea la kwanza, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena. "Mtindo huu mmeupata wapi?"

"Tumeubuni wenyewe," alijibu wifi, macho makavu. Mama Begi ilibidi akimbilie uani kucheka.

Mabegi themanini yaliondoka kwa wakati. Sasa shule nyingine imeagiza, na imesema wazi kuwa inataka yale yanayofunguka katikati. Mama Begi anatamani cherehani ya tatu kabla mwaka haujaisha.

Mazungumzo yakiendelea, simu yake inaita. Ni muuza zipu, anapiga kelele kwa furaha: meli imekaribia!

"Hongera, baba," anajibu Mama Begi, wembe ukiendelea kupita kwenye mshono. "Mwambie nahodha asikimbie kwa ajili yangu. Wifi yangu yupo kazini."